Sikio la Mwenzio: Usikilizaji na Uponyaji wa Majeraha ya Moyo katika Riwaya ya Chozi la Heri

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei inavyosawiri uponyaji wa majeraha ya moyo miongoni mwa wahusika waliopitia ghasia za baada ya uchaguzi, uyatima na kutelekezwa. Kwa kuongozwa na nadharia ya kiwewe, hasa hatua tatu za uponyaji zilizoainishwa na Judith Herman (1992), makala yanajenga hoja kwamba katika riwaya hii mhusika hupona anapopata mtu wa kumsikiliza, na hushindwa kupona pale jeraha lake linaponyamazishwa. Hoja hiyo inapimwa kwa kuwalinganisha Umulkheri na Sauna, wahusika wawili ambao kwa kawaida huwekwa katika pande mbili za wema na uovu. Aidha, makala yanaonyesha kwamba uponyaji unaosawiriwa una mipaka: unawafikia zaidi wenye uwezo, na unakamilika bila mkosaji wa kisiasa kukabiliwa na aliyemkosea.

1.0 Utangulizi

Chozi la Heri ni miongoni mwa riwaya za Kiswahili zilizosomwa na vijana wengi zaidi nchini Kenya katika miaka ya karibuni, kwa kuwa ilitahiniwa katika mtihani wa KCSE sambamba na tamthilia ya Kigogo na diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Jambo hili lina uzito wake kwa mhakiki. Mwanafunzi aliyeketi mtihani huo mwaka 2018 alikuwa mtoto wa takriban miaka saba au minane wakati ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipozuka, ghasia zilizosababisha vifo vya zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao. Baadhi ya wasomaji hao walilala kambini. Baadhi yao walikuwa watoto wa waliochoma, na baadhi watoto wa waliochomewa, nao walikaa katika darasa moja wakisoma kitabu kimoja. Kwa hiyo, swali la jinsi riwaya hii inavyoeleza uponyaji si swali la kinadharia pekee. Linahusu kile ambacho msomaji wa aina hiyo anaambiwa kuhusu jeraha lake mwenyewe.

Miongozo mingi ya riwaya hii huyaeleza maudhui ya uponyaji kwa wepesi: ukabila huleta maafa, msamaha huleta amani, na subira huvuta heri. Usomaji huo hauna kosa kubwa, ila haujibu swali moja la msingi. Ikiwa wahusika wengi wa riwaya wamejeruhiwa, kwa nini baadhi yao wanafungukia maisha mapya na wengine wanageuka kuwa wajeruhi? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kutokana na matini yenyewe.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Katika kitabu chake kuhusu kiwewe na kupona, Herman anabainisha hatua tatu ambazo mwathiriwa hupitia: kupata usalama, kukumbuka na kuomboleza, na hatimaye kuungana tena na maisha ya kawaida na watu wengine. Anasisitiza kwamba mtu hawezi kupona katika upweke, kwa kuwa kiwewe kimsingi huvunja uhusiano, na kilichovunjwa katika uhusiano hujengwa upya katika uhusiano. Wazo hili linakamilishwa na mchango wa Dori Laub, mtaalamu wa nafsi aliyefanya kazi na manusura wa mauaji ya Wayahudi. Kwa mtazamo wa Laub, msikilizaji ni mshiriki katika kuzaliwa kwa ushahidi. Bila yeye, aliyeumizwa hubaki na tukio ambalo bado halijawa simulizi.

Nadharia hizi zilizuka katika mazingira ya Ulaya na Marekani, na mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapaswa kuzitumia kwa uangalifu. Hata hivyo, kiini chake si kigeni kwetu. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lugha yetu ina usemi wa kutoa ya moyoni na ule wa kutoa dukuduku, nayo ina taasisi ya matanga ambapo majirani huja kukaa na mfiwa, wakati mwingine bila kusema neno. Kukaa huko ni usikilizaji. Chozi la Heri inaandikwa kutoka ndani ya utamaduni unaojua thamani ya kukaa huko, kisha inauonyesha utamaduni huo ukiwa umepasuliwa na jirani kumgeukia jirani.

3.0 Majivu na Maombolezo: Ridhaa na Mwangeka

Ridhaa, daktari anayeishi katika nchi ya kubuni ya Wahafidhina, anapoteza karibu kila kitu kwa usiku mmoja. Nyumba yake inachomwa, na ndani yake wanaangamia mkewe Terry, bintiye Tila, mkaza mwanawe Lily na mjukuu wake Becky. Miongoni mwa washambulizi anatajwa Mzee Kedi, jirani. Riwaya inamwonyesha Ridhaa akiwa katikati ya mabaki ya nyumba yake, akijaribu kuyafahamu yaliyotukia. Hapa hatua ya kwanza ya Herman, yaani usalama, inakosekana kabisa. Mahali palipokuwa kinga ndipo palipogeuka kaburi. Tena ni kaburi lisilo na maiti za kuoshwa wala kuvikwa sanda, na hivyo hata utaratibu wa kawaida wa kuomboleza unakatizwa.

Mwanawe, Mwangeka, anakabiliwa na msiba huo kwa namna tofauti. Wakati familia yake inaangamia, yeye yuko ng'ambo akitumikia kikosi cha kudumisha amani. Kinaya hiki kimeshatajwa na wahakiki kama lawama kwa taifa linalosafirisha amani huku likiikosa nyumbani. Katika mtazamo wa nadharia ya kiwewe, kinaya hicho kina kazi ya ziada. Mwangeka hakushuhudia tukio linalomtesa. Jeraha lake linamfikia kama habari, nayo habari haimpi taswira ya kukumbuka bali inamwachia pengo la kujazwa na mawazo. Ndiyo maana kukutana kwa baba na mwana ni muhimu katika mpango wa riwaya. Mmoja ana kumbukumbu asiyeweza kuibeba peke yake, na mwingine ana huzuni isiyo na kumbukumbu. Kila mmoja anakuwa sikio la mwenzake.

Kutokana na kukutana huko, maombolezo yanaanza kuwa kazi. Ridhaa anarejea katika taaluma yake, na tunamwona akiongoza kituo cha afya kiitwacho Mwanzo Mpya, ambamo Selume, muuguzi aliyelazimika kuondoka katika ndoa yake kwa sababu ya chuki za kikabila, anapata kazi. Jina la kituo linaonekana kutangaza matumaini waziwazi, pengine kupita kiasi. Lakini tukilisoma sambamba na hali ya wanaofanya kazi humo, tunaona kwamba mwanzo unaotajwa haufuti mwisho uliotangulia. Aliyefiwa anawatibu wengine, na aliyefukuzwa anawapokea wengine. Uponyaji unaanza kwa mtu kutoa kile alichonyimwa.

4.0 Tangamano: Darasa kama Matanga

Mahali ambapo riwaya inaeleza kwa uwazi zaidi jinsi moyo unavyopona ni katika shule ya Tangamano. Umulkheri, aliyeachwa na mama yake Naomi, akafiwa na baba yake Lunga, kisha akapokonywa ndugu zake Dick na Mwaliko na kijakazi Sauna, anafika shuleni akiwa mwili tu. Mawazo yake yako kwingine. Wanaomrudisha si mhubiri wala mshauri nasaha, bali ni wenzake. Kairu, Mwanaheri, Chandachema na Zohali, kila mmoja kwa zamu yake, wanasimulia walikotoka. Mwanaheri anaeleza jinsi mama yake, Subira, alivyobaguliwa na mama mkwe kwa sababu ya asili yake mpaka akaondoka nyumbani. Zohali anasimulia mimba ya utotoni, ukali wa wazazi na maisha ya mitaani kabla ya kupokelewa na Mtawa Pacha. Chandachema anasimulia kulelewa na bibi na kisha kupitishwa mikononi mwa watu mbalimbali.

Wahakiki wengine wanaweza kuiona sehemu hii kama udhaifu wa kimuundo, kwamba mwandishi anaweka msururu wa visa ili kukusanya matatizo ya kijamii mahali pamoja. Lawama hiyo ina msingi kwa kiasi fulani, kwani visa vinafuatana kwa haraka na msomaji hupata tabu kukaa na kimoja kabla ya kingine kuanza. Hata hivyo, mbinu hii ina mantiki yake ya ndani. Wasichana hawa hawatoleani suluhisho. Hakuna anayemwambia mwenzake asahau. Wanachopeana ni hadithi kwa hadithi, kama waombolezaji wanavyopeana zamu kwenye jamvi la matanga. Kwa kusikiliza, Umulkheri anagundua kwamba maumivu yake, ambayo alidhani yanamtenga na walimwengu, ndiyo yanayomuunga nao. Hapo hatua ya pili ya Herman inaingia katika hatua ya tatu: kukumbuka kunakuwa mlango wa kuungana. Jina la shule, Tangamano, linapata maana yake kamili katika tendo hili, kabla ya kupata maana ya kitaifa ambayo miongozo huipa.

5.0 Jeraha Lililonyamazishwa: Mfano wa Sauna

Hoja ya makala haya ingekuwa nyepesi kama ingeishia kwa waliopona. Inapata uzito inapomgeukia Sauna. Katika usomaji wa kawaida, Sauna ni mhusika mwovu: anawaiba watoto waliokabidhiwa kwake na kuwauza kupitia mtandao wa Bi Kangara. Uovu huo ni wa kweli, na riwaya haiufichi. Dick, kutokana na uovu huo, anaishia kulazimishwa kusafirisha dawa za kulevya. Lakini riwaya inatupa pia historia ya Sauna. Alinajisiwa na baba wa kambo, Maya. Alipopata mimba, mama yake alishughulikia kuiondoa, na badala ya kumfungulia sikio alimtaka afunge kinywa.

Tukiiweka historia hii kando ya ile ya Umulkheri, tunaona kwamba wawili hawa wanaanzia mahali panapofanana. Wote ni wasichana waliosalitiwa na mzazi. Wote wanaondoka nyumbani bila ulinzi. Tofauti inaanza mlangoni. Umulkheri anapofika mjini anatambuliwa na Hazina, kijana aliyewahi kuishi mitaani na ambaye Umulkheri mwenyewe aliwahi kumhurumia. Hazina anamsikiliza na kumfikisha mahali salama. Baadaye kuna mwalimu, kuna wenzake wa Tangamano, kisha kuna Mwangeka na Apondi. Sauna, kwa upande wake, anaangukia mikononi mwa Bi Kangara, ambaye kwake msichana asiye na pa kwenda ni chombo cha biashara. Mmoja anapata mlolongo wa masikio, na mwingine anapata mlolongo wa mikono inayomtumia.

Ulinganisho huu haumwondolei Sauna hatia. Sheria inamkamata, na msomaji anaona haki ikitendeka. Hata hivyo, unabadilisha swali ambalo msomaji anapaswa kujiuliza. Badala ya kuuliza kwa nini Sauna ni mbaya, tunaulizwa nani alipaswa kumsikiliza na hakufanya hivyo. Jibu la riwaya ni chungu, kwa sababu linamtaja mama. Utamaduni unaositiri aibu ya familia, ambao katika mazingira mengine huitwa heshima, ndio unaomnyima mtoto hatua ya kwanza ya kupona. Hapa riwaya inaukosoa utamaduni kutoka ndani, bila kuukana.

6.0 Ukoo Mpya na Maana ya Heri

Hatua ya tatu ya uponyaji inajitokeza katika ndoa na kuasili. Mwangeka, mjane aliyepoteza mke na mtoto, anamwoa Apondi, ambaye mume wake wa kwanza alifariki na kumwachia binti, Sophie. Wanapojaliwa mtoto wanampa jina la Ridhaa, na kisha wanampokea Umulkheri na hatimaye Dick. Mwangemi na Neema, waliompoteza mtoto wao Bahati, wanamwasili Mwaliko. Mwishoni ndugu watatu waliotawanywa wanakutana tena kwa sababu familia mbili zilizowapokea zina uhusiano wa damu.

Msomaji mkali anaweza kuona kwamba muafaka huu umefanywa kuwa rahisi mno, kwa kuwa sadfa zinafanya kazi ambayo jamii ilipaswa kuifanya. Pingamizi hilo haliwezi kupuuzwa. Lakini tukitazama majina, tunaona kwamba mwandishi hadai furaha timilifu. Neno heri linarudi mara kwa mara: katika kichwa cha riwaya, katika Umulkheri, katika Mwanaheri, katika Msitu wa Heri. Kwa Kiswahili, heri ina maana ya baraka, ila pia ni neno la kulinganisha: heri nusu shari kuliko shari kamili. Isitoshe, neno hilo limo ndani ya kwaheri, yaani kila tunapoagana tunaibeba heri katika utengano wenyewe. Kwa hiyo chozi la heri si lazima liwe chozi la furaha. Linaweza kuwa chozi la aliyekubali kwamba hali ya sasa ni bora kuliko ile iliyotangulia, ingawa waliokufa hawatarudi. Jina la Ridhaa linaafiki usomaji huu, kwani kuridhia ni kukubali kwa hiari jambo ambalo mtu hakulichagua.

Kumpa mtoto mchanga jina la babu ni desturi inayojulikana katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Katika riwaya hii desturi hiyo inaleta maana maalumu. Mtoto hachukui nafasi ya Becky aliyeungua. Anachukua jina la aliyesalia. Ukoo unajijenga upya kutokana na manusura, na nafasi za waliokufa zinaachwa wazi bila kuzibwa. Huo ndio uwazi unaowafanya wahusika wapokee uwezekano mpya: moyo hauhitaji kuziba pengo ili uweze kupokea mgeni. Hata jina la Mwaliko linakumbusha kwamba familia, katika mpango huu, ni tendo la kualika.

7.0 Mipaka ya Uponyaji

Pamoja na hayo, uponyaji wa Chozi la Heri una mipaka mitatu ambayo uhakiki wa haki hauna budi kuibainisha.

Kwanza, ni uponyaji unaotegemea uwezo wa kiuchumi. Ridhaa ni daktari, Mwangeka na Apondi ni watumishi wenye vyeo. Wana nyumba ya kumpokea mtoto na fedha za kumsomesha. Wakazi wengi wa kambi ya Msitu wa Mamba hawana hayo. Riwaya inawaonyesha, kisha simulizi inaondoka pamoja na wale wanaoweza kuondoka.

Pili, upo ukimya kuhusu Lime na Mwanaheri. Mabinti hawa wa Kaizari wanabakwa nyumbani kwao wakati wa ghasia, na tukio hilo linatufikia hasa kupitia maumivu ya baba. Katika duara la Tangamano, simulizi ya Mwanaheri inaelemea zaidi msiba wa mama yake. Ikiwa hoja ya makala haya ni sahihi, kwamba katika riwaya hii kupona ni kusikilizwa, basi jeraha la mwili wake mwenyewe bado linasubiri sikio. Riwaya iliyoona wazi hatari ya kumnyamazisha Sauna inakaribia kumfanyia Mwanaheri jambo linalofanana na hilo.

Tatu, wanaoadhibiwa ni wahalifu wa kibinafsi, kama Sauna na Bi Kangara, ilhali Mzee Kedi haletwi mbele ya Ridhaa kujibu wala kuomba radhi. Msamaha unatolewa bila kuombwa. Hali hii inafanana na historia ya Kenya yenyewe. Baada ya mkataba wa tarehe 28 Februari 2008 uliomaliza ghasia, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliundwa na kuwasilisha ripoti yake mwaka 2013, na kesi zilizofikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikoma kufikia mwaka 2016 bila yeyote kutiwa hatiani kwa ghasia zenyewe. Inawezekana kusema kwamba riwaya inaakisi tu ukweli huo. Lakini fasihi ina uhuru ambao tume hazina. Ingeweza kumketisha Kedi na Ridhaa katika chumba kimoja, hata kama wasingekubaliana. Kutofanya hivyo kunamwachia msomaji, hasa yule mtoto wa darasani ambaye jirani yake wa dawati huenda ni mtoto wa Kedi, kazi ambayo kitabu hakikuikamilisha.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba Chozi la Heri inautazama uponyaji wa moyo kama tendo la watu wawili au zaidi: anayesema na anayesikia. Ridhaa na Mwangeka, wasichana wa Tangamano, na familia zilizoasili wanathibitisha hoja hii kwa upande wa waliopona. Sauna anaithibitisha kwa upande wa pili, kama mtu ambaye jeraha lake lilifungiwa ndani mpaka likawa sumu kwa wengine. Maana mbili za neno heri zinatusaidia kuuona mwisho wa riwaya kama hali iliyo afadhali, wala si ushindi kamili.

Kutokana na matokeo haya, utafiti zaidi unahitajika kuhusu jinsi riwaya nyingine za Kiswahili zinavyosawiri wajeruhi waliowahi kuwa majeruhi, na kuhusu nafasi ya ukimya wa wasichana waliodhulumiwa katika vitabu vinavyosomwa shuleni. Kwa walimu, usomaji huu unapendekeza kwamba kipindi cha kujadili sura ya Tangamano kisitumiwe kuorodhesha maudhui pekee. Sura hiyo inaonyesha jambo ambalo darasa lenyewe linaweza kulifanya: kukaa kimya kwa muda mmoja asemapo, na kusubiri mpaka amalize.